Injini ya Dizeli ya Boti Inapogoma Baada ya Kubadilishiwa Machujio: Kuisaka Hewa kutoka Tangini hadi Kwenye Nozeli

Injini ndogo ya dizeli ambayo jana iliwaka mara tu stata ilipoguswa inaweza leo, baada ya kubadilishiwa machujio ya mafuta, kuzungushwa mpaka betri ichoke bila kutoa hata moshi. Katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, ambako boti za abiria na mizigo huondoka kwenda Gombe, Mwamgongo na Kagunga, nimeshuhudia zaidi ya mara moja hali hii ikidhaniwa kuwa ni ubovu wa pampu ya nozeli, na pampu hiyo ikafunguliwa palepale ufukweni, ilhali kilichoizuia injini kilikuwa hewa iliyobaki ndani ya chujio jipya. Pampu ya nozeli haifunguliwi ufukweni kwa sababu yoyote ile. Vipande vyake vya ndani vimechongwa kwa usahihi unaopimwa kwa maikroni, na punje moja ya mchanga inatosha kuviharibu. Kwa hiyo, kabla ya kuishuku pampu, ishuku hewa. Na kabla ya kuishuku hewa, vishuku viungo vile ambavyo mkono wako umevigusa leo, ukianza na cha kwanza.

Kwenye Ziwa Tanganyika kosa hili lina uzito wake. Ziwa letu limelala katika Bonde la Ufa, kina chake kinafikia takribani mita 1,470 mahali palipo na kina kirefu kuliko pote, na katika sehemu nyingi za ukanda huu mlima huteremka moja kwa moja majini. Nahodha ambaye injini yake imezima mbele ya Gombe hawezi kuitegemea nanga, kwa maana akiwa mbali kidogo tu na ufuko kamba yake haitafika chini. Atachukuliwa na upepo, ama kwenye mawe ama kuelekea katikati ya ziwa, pamoja na abiria wake. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya kutoa hewa haijaisha injini inapowaka, bali inaisha pale injini inapokuwa imefanya kazi chini ya mzigo kwa muda wa kutosha, boti ikiwa bado imefungwa kamba.

Mafuta yanapita wapi, na hewa inaingilia wapi

Mafuta hutoka tangini kupitia koki na kuingia kwenye chujio la kwanza, ambalo kwa kawaida lina kikombe chini yake cha kutenganisha maji. Hapo huvutwa na fidi pampu, yaani ile pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini, yenye kiwambo cha mpira ndani na mkono mdogo wa kusukuma kwa kidole nje. Fidi pampu huyasukuma hadi kwenye chujio la pili, ambalo matundu yake ni madogo zaidi, kisha yanaingia kwenye pampu ya nozeli, nayo huyapeleka kwa nguvu kubwa kupitia mabomba membamba ya chuma hadi kwenye nozeli zenyewe, zinazoyanyunyizia ndani ya silinda. Yanayozidi hurudi tangini.

Igawe njia hii katika pande mbili. Kabla ya fidi pampu ni upande wa kuvuta, na kiungo kilicholegea upande huu mara nyingi hakidondoshi tone lolote wakati injini inafanya kazi; kinachofanya ni kunyonya hewa, kwa hiyo macho hayakioni na kitambaa hakilowi. Baada ya fidi pampu ni upande wa kusukuma, ambako kiungo kilicholegea hulowa na kujitangaza chenyewe. Fundi asiyetofautisha pande hizi mbili atakaza kila nati iliyolowa, ataridhika, na hewa itaendelea kuingia kupitia kiungo kikavu ambacho hakukitilia maanani.

Hewa inazima injini kwa sababu nyepesi kuelewa. Nozeli hufunguka pale tu mafuta yanapofikia mgandamizo mkubwa, unaozidi baa 100. Mafuta hayabonyei kirahisi, hivyo msukumo wa pampu hufika kwenye nozeli kama ulivyo. Hewa hubonyea, hivyo pampu ikikutana na povu, nguvu yake yote huishia kulibana povu hilo, kisha povu hutanuka tena, na nozeli haifunguki kamwe hata ukizungusha stata mpaka usiku.

Utaratibu wa kutoa hewa, kwa ufupi

Anzia tangini na umalizie kwenye nozeli. Usirudi nyuma na usiruke hatua. Fungua koki ya tangi, hakikisha tangi lina zaidi ya robo, na hakikisha wenzo wa kuzimia injini umerudishwa mahali pake. Weka kopo chini ya skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya chujio la kwanza, ilegeze kwa nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja, kisha acha mafuta yashuke yenyewe ikiwa tangi liko juu, au sukuma mkono wa fidi pampu au kitufe cha pampu ya mkono ikiwa tangi liko chini. Yatatoka kwanza mapovu makubwa, kisha madogo kama povu la sabuni, kisha mafuta safi yanayomiminika bila kukatika. Kaza skrubu wakati mafuta bado yanatoka, si baada ya kuacha kusukuma, kwa sababu ukiacha kwanza hewa itarudi. Rudia hivyo kwenye chujio la pili, kisha kwenye skrubu ya pampu ya nozeli.

Mabomba membamba ya chuma huachwa hadi mwisho. Legeza nati iliyo upande wa nozeli kwa nusu mzunguko, zungusha stata kwa muda usiozidi sekunde 10 hadi 15, na uipumzishe walau dakika moja kabla ya kurudia. Mafuta yakianza kuruka kwenye nati, kaza. Katika injini ya silinda mbili au tatu, mara nyingi injini hushika ukiwa umebakiza nati moja.

Onyo mbili ziko hapa, na naomba zisipuuzwe. Ya kwanza ni ya injini zinazopoozwa kwa maji ya ziwa yanayotoka pamoja na moshi. Unapozungusha stata kwa muda mrefu bila injini kuwaka, pampu ya maji inaendelea kujaza chombo cha kuzuia kelele, na kwa kuwa hakuna moshi wa kuyasukuma nje, maji yanaweza kupanda na kurudi ndani ya silinda, na injini iliyokuwa na povu tu ikawa na konrodi, yaani mkono wa pistoni, iliyopinda. Funga koki ya maji ya ziwa wakati wa kuzungusha, na uifungue mara injini inapowaka, kabla mpira wa ndani ya pampu ya maji haujaungua kwa ukavu. Njia nzuri ni kuufunga ufunguo wa stata kwenye koki hiyo kwa uzi, ili mmoja usisahaulike bila mwingine. Onyo la pili linahusu mikono. Mafuta yanayoruka kutoka kwenye bomba la nozeli kwa mgandamizo mkubwa yanaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini kupitia kitundu kidogo ambacho hata hakiumi sana mwanzoni. Usipime kwa kidole. Likimtokea mtu jambo hilo, apelekwe hospitali saa ileile na aeleze kwamba ni dizeli iliyoingia kwa nguvu, kwa sababu jeraha linaonekana dogo nje huku nyama ndani ikiharibika.

Dalili: unasukuma mkono wa fidi pampu na hakuna kinachotoka

Ikiwa mkono unacheza bila ukinzani wowote, uwezekano mkubwa ni kwamba injini imesimama mahali ambapo kemshafti, yaani shafti ya injini inayoiendesha fidi pampu, tayari imeisukuma fimbo ya pampu hiyo hadi mwisho, hivyo kidole chako hakina cha kusukuma. Zungusha injini mzunguko mmoja kwa mkono kupitia puli ya mbele, kisha jaribu tena. Utahisi mara moja mkono umekuwa mzito. Nimeona pampu nzuri zikitupwa kwa sababu ya kutolijua jambo hili.

Ikiwa ukinzani upo lakini mafuta hayaji, legeza bomba linaloingia kwenye fidi pampu. Mafuta yakitoka hapo kwa uzito wake au kwa kuvutwa kidogo, fidi pampu ndiyo mbovu: kiwambo kimechanika au vivalvu vyake vimeziba. Kiwambo kilichochanika kina hatari ya ziada, kwani katika injini nyingi dizeli hupitia hapo na kushuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa kiwango kimepanda kuliko ulivyokiacha na oili inanuka dizeli, usiiwashe injini hiyo hadi kiwambo na oili vibadilishwe. Mafuta yasipotoka hata hapo, rudi nyuma: koki imefungwa, mpira umekunjika, au mdomo wa bomba la ndani ya tangi umezibwa na uchafu.

Dalili: mapovu hayaishi kwenye skrubu

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na ndipo nitakapokaa zaidi. Ukisukuma kwa dakika 10 na mapovu yanaendelea, acha kusukuma. Hewa hiyo haikuwa ndani. Inaingia sasa hivi, na inaingia kwenye upande wa kuvuta.

Mshukiwa wa kwanza ni oringi, yaani pete ya mpira ya kuzibia, ya chujio jipya. Oringi ya zamani hupenda kubaki imeganda juu kwenye kichwa cha chujio, na fundi akiweka mpya juu yake bila kupapasa, oringi mbili hukaa pamoja, zinaonekana kubana, lakini zinapitisha hewa. Mara moja niliitwa kwenye boti iliyowaka vizuri Kibirizi na kuzima baada ya kuondoka. Walirudi kwa makasia. Walikuwa wametoa hewa mara tatu. Nilipofungua chujio la kwanza nilikuta oringi nyeusi, ngumu kama gome, imekaa palepale ilipokuwa kwenye chujio la zamani, na ile mpya iko chini yake. Tuliibandua kwa ukucha, tukafuta kichwa cha chujio kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, tukapaka dizeli safi kwenye oringi mpya, tukakaza kwa mkono hadi iguse na robo tatu ya mzunguko zaidi, na injini haikusumbua tena. Tangu hapo, kila ninapotoa chujio, huhesabu oringi zilizotoka kabla sijaziweka zinazoingia.

Mshukiwa wa pili ni kikoki cha kumwagia maji kilicho chini ya kikombe. Ukishamwaga maji na kukifunga, tope kidogo linaweza kubaki kwenye kiti chake. Wa tatu ni washa za kopa, yaani pete bapa za shaba, kwenye bolti zenye tundu la kupitishia mafuta. Washa iliyokwisha kubanwa mara moja imekuwa ngumu, na ikirudishwa haibani sawasawa. Ibadilishe, au kama hakuna nyingine mjini siku hiyo, ipashe moto hadi iwe nyekundu na uiache ipoe, nayo italainika tena. Wa nne ni mipira na klipu zake. Mpira wa mafuta uliokaa miaka kwenye joto la chumba cha injini huwa mgumu, na unapousogeza ili kufikia chujio hupasuka nyufa ndogo karibu na klipu. Kata sentimita mbili za mwisho ikiwa urefu unaruhusu, ufunge upya.

Kama bado hujapata, kata shauri kwa jaribio la dumu. Chukua dumu safi la lita tano lenye dizeli iliyochujwa, lininginize juu kuliko injini, na uunganishe mpira wake moja kwa moja kwenye fidi pampu, ukiruka tangi na chujio la kwanza. Toa hewa na uwashe. Injini ikienda vizuri kwa nusu saa, tatizo liko nyuma ya mahali ulipounganisha. Rudisha chujio la kwanza kwenye mstari, uendelee kulisha kwa dumu, na utazame tena. Kwa hatua mbili au tatu za namna hii utakuwa umekibana kiungo kibovu bila kubahatisha. Kipande cha mpira unaopitisha mwanga, kikiwekwa kabla ya fidi pampu kwa muda wa majaribio tu, kitakuonyesha mapovu yakipita. Kiondoe baada ya kazi, kwa sababu mipira mingi ya aina hiyo hailingani na dizeli wala joto.

Dalili: inawaka, inakwenda dakika chache, kisha inazima

Ikiwa inazima kila mara baada ya muda uleule, fikiria kwanza koki ya tangi. Mafuta yaliyo ndani ya machujio na mabomba hutosha kuiendesha injini kwa muda mfupi hata koki ikiwa imefungwa. La pili ni tundu la kupumulia la tangi: likizibwa na nyigu, chumvi ya samaki au rangi mpya, tangi hujivuta ndani na mafuta hukataa kutoka. Fungua kifuniko cha tangi wakati injini inaanza kufifia. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikafufuka, umepata jibu.

Mwendo wa injini ukipanda na kushuka wenyewe kama mtu anayepumua kwa shida, hiyo ni hewa ndogo inayoendelea kuingia. Rudi kwenye sehemu iliyotangulia.

Dalili: sailensa ni nzuri, lakini ikibeba mzigo inachoka

Sailensa, yaani mwendo wa chini injini ikiwa haina mzigo, hutumia mafuta kidogo, hivyo haipimi kitu. Injini inayochoka boti ikikaza mwendo inakosa mafuta, na sababu kuu ni chujio lililoziba, hata kama limebadilishwa wiki hii. Tangi ambalo halijasafishwa kwa miaka lina tope jeusi na maji chini, na boti inapoyumbishwa na mawimbi, tope lile huinuka na kuziba chujio jipya kwa saa chache. Boti zetu nyingi hujazwa kwa madumu, na dumu lililobeba maji au mafuta ya mawese jana haliwi safi kwa kusuuzwa kwa dizeli kidogo. Kitambaa kwenye faneli huzuia uchafu lakini hakizuii maji. Acha dumu litulie usiku kucha, mimina taratibu, na bakiza lita ya mwisho.

Hapa pia lipo swali la kulijaza chujio mafuta kabla ya kulifunga. Chujio la kwanza jaza, maana mafuta hayo yatachujwa tena mbele. Chujio la pili usilijaze kwa kumimina kupitia tundu la katikati, kwa sababu hilo ndilo tundu la mafuta yaliyokwisha kuchujwa, na chochote utakachomimina kitakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya nozeli. Mafundi wenzangu wengine wanafanya hivyo ili kuokoa dakika tano. Mimi huona dakika hizo tano za kusukuma kwa kidole ni nafuu kuliko pampu.

Dalili: inazunguka bila kuwaka

Tazama bomba la moshi. Pasipo moshi kabisa, mafuta hayafiki: ama hewa bado ipo, ama wenzo wa kuzimia umevutwa, ama solonoidi ya kuzimia, yaani kifaa cha umeme kinachokata mafuta, haipati umeme kwa sababu waya wake uling’olewa ulipokuwa ukihangaika na chujio. Ukiona moshi mweupe au wa kijivu, mafuta yanafika lakini hayashiki moto, na hapo kosa si hewa tena. Betri imechoka na stata inazunguka polepole mno, au injini imekosa mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Kuendelea kutoa hewa katika hali hiyo ni kuimaliza betri bure.

Ikiwaka lakini ikitetemeka kwa kukosa silinda moja, legeza kidogo nati za nozeli moja baada ya nyingine injini ikiwa kwenye sailensa, ukiwa umezifunika kwa kitambaa kinene na uso ukiwa mbali. Ile ambayo ukiilegeza mwendo haubadiliki ndiyo isiyofanya kazi. Iache ilegee sekunde chache itoe povu, kisha kaza.

Injini za silinda moja

Injini za kulala za silinda moja, zile ambazo vijijini husaga unga na ambazo wengine wamezifunga kwenye boti, huwa na tangi juu yake na hazina fidi pampu. Kutoa hewa kwake ni rahisi: legeza skrubu kwenye pampu, acha mafuta yashuke, kaza. Kisha inua wenzo wa kulegeza mgandamizo, zungusha hendeli, na usikilize. Nozeli yenye mafuta safi hutoa mlio mkavu kila inaponyunyiza. Ikiwa kimya, hewa bado ipo.

Kabla ya kuachia kamba

Dizeli yote iliyotoka ibaki kwenye kopo, isiishie majini wala chini ya injini; watu huteka maji ufukweni hapohapo, na mipira inayobeba injini huoza ikilowa dizeli. Futa kila kiungo kiwe kikavu. Washa injini, iache ipate joto, kisha boti ikiwa imefungwa kamba imara mbele na nyuma, ingiza gia na uipandishe hadi karibu theluthi mbili ya nguvu yake kwa nusu saa. Pitisha kitambaa kikavu cheupe kwenye kila kiungo cha upande wa kusukuma, utazame kikombe cha chujio la kwanza kama kuna mapovu, kisha izime, ingoje saa moja, na uiwashe tena. Kiungo kinachonyonya hewa polepole hujidhihirisha hapo, kwa sababu mafuta yatakuwa yamerudi tangini na injini itawaka kwa shida. Ikishika mara moja, spana zirudi kwenye boksi na abiria waanze kupanda.